Nyuzi 80 za Nani? Jinsi Shingo ya Mtu Mzima Mwenye Afya Inavyopimwa

Kaa wima kitini, mabega yatulie, kisha geuza uso taratibu kuelekea kulia mpaka shingo ikatae. Hapo ulipofika ni nyuzi ngapi kutoka mbele? Mwongozo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, ule unaotumika kukadiria ulemavu wa kudumu, katika toleo lake la tano unachukulia kwamba shingo isiyo na tatizo hufika nyuzi 80. Lakini James Youdas na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliopima watu 337 wenye umri wa miaka 11 hadi 97 na kuchapisha matokeo mwaka 1992, walikuta vijana wa miaka ishirini na kitu wakiishia takribani nyuzi 70. Kwenye kuinua uso kutazama dari mambo yanageuka: mwongozo unataka nyuzi 60, na vijana wale walipita 70 bila shida.

Kwa hiyo kijana mzima kabisa anaweza kuonekana mgonjwa akigeuka kando na kuonekana wa ajabu akitazama juu, kwa sababu tu ya orodha iliyobandikwa ukutani mwa chumba cha fiziotherapia. Hakuna aliyedanganya. Namba ya nyuzi inayoandikwa kwenye faili ni ya shingo, lakini pia ni ya kifaa, ya mkono wa aliyepima, ya kiti alichokalia mpimwaji na ya maneno aliyoambiwa kabla ya kugeuka. Anayesoma namba hiyo bila kujua mengine hayo anasoma nusu ya taarifa.

Tuanze na shingo yenyewe. Ina pingili saba, na hazigawani kazi kwa usawa hata kidogo. Ya kwanza, inayobeba fuvu, kazi yake kubwa ni kuitikia, yaani kule kutikisa kichwa juu na chini kwa "ndiyo". Kati ya pingili ya kwanza na ya pili hakuna ile sahani laini inayotenganisha pingili nyingine. Kuna kijiti cha mfupa kinachosimama kutoka pingili ya pili, na pingili ya kwanza inazunguka kukizunguka. Hapo peke yake hutokea karibu nusu ya mgeuko wote wa kichwa kulia na kushoto. Pingili tano za chini zinagawana nusu iliyobaki, pamoja na sehemu kubwa ya kuinama mbele, kurudi nyuma na kulaza sikio kuelekea begani.

Pingili hizo za chini zina tabia moja inayowasumbua wapimaji. Nyuso za viungo vyake zimelala mshazari, kwa hiyo haziwezi kulala upande bila kujipinda kidogo kuelekea upande huohuo. Ukimwambia mtu, "Laza sikio begani, lakini pua iendelee kutazama mbele," pingili za juu zinalazimika kujizungusha upande wa pili ili uso ubaki mbele. Usipomwambia, uso unageuka kidogo na sikio linashuka zaidi. Maagizo mawili yanazaa namba mbili kutoka shingo moja, asubuhi ileile.

Njia ya kuona haya yote moja kwa moja ipo. Eksirei zinazopigwa mtu akiwa ameinama kisha akiwa amerudisha kichwa nyuma huonyesha kila pingili imesogea kiasi gani. CT, yaani picha za mionzi za tabaka kwa tabaka, hufanya hivyo kwa mgeuko. Watafiti wengine wamewahi hata kupachika pini kwenye mifupa ya uti wa mgongo ya watu waliojitolea na kufuatilia pini hizo zikitembea. Kwa mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, mionzi ina sababu. Kumpiga mionzi mtu asiyeumwa popote ili tujue anageuka nyuzi ngapi, na kurudia kwa mamia ya watu ili tupate wastani, ni jambo ambalo kamati yoyote makini ya maadili italikataa. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi, lakini bomba lake ni jembamba na mtu analala chali, hakai kama anavyokaa dereva anayeangalia nyuma akirudisha gari.

Ndiyo maana karibu vipimo vyote vya watu wenye afya hufanyika kwa nje, juu ya ngozi. Kuna gharama ya kukubali hilo tangu mwanzo: kwa nje hupimi shingo. Unapima kichwa kilivyosogea ukilinganisha na kitu kingine, iwe ni kifua, mabega, sakafu au kaskazini ya dunia. Vifaa vyote vinatofautiana hasa kwenye hicho kitu kingine.

Kifaa rahisi kuliko vyote ni jicho la mpimaji. Linatumika kila siku, halina gharama, na ndilo dhaifu kuliko yote. Mwaka 1991 Youdas na wenzake walilinganisha makadirio ya macho, goniometa ya kawaida, yaani kipimapembe chenye mikono miwili, na kifaa cha kufungwa kichwani kiitwacho CROM. Wapimaji wawili tofauti walipotumia macho, hawakukubaliana vya kutosha kwa kazi ya kitabibu. Goniometa nayo haikufanya vizuri sana mikononi mwa watu tofauti, na sababu inaeleweka: kwenye goti au kiwiko unaweka mhimili wake juu ya kiungo unachokigusa, lakini shingo ina viungo vingi vilivyopangana na hakuna hata kimoja unachoweza kukiwekea kidole na kusema mzunguko uko hapa.

Wengine hutumia futi ya fundi cherehani: umbali kutoka kidevu hadi juu ya mfupa wa kifua, au kutoka sikio hadi ncha ya bega. Ni rahisi na inarudika vizuri kwa mtu yuleyule. Ila sentimita si nyuzi. Mtu mwenye shingo ndefu na mwenye shingo fupi wanaweza kuinama pembe sawa na futi ikawapa majibu tofauti. Ifae kumfuatilia mtu mmoja leo na mwezi ujao; kulinganisha watu wawili, hapana.

Kisha kuna familia ya vifaa vinavyotegemea mvutano wa dunia, na hapa panahitaji utulivu kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea, hata wenye simu za bei mbaya. Inklinometa inafanya kazi kama timazi ya fundi mwashi: kuna uzito au kimiminika kinachobaki kikiitii dunia huku sanduku lake likiinama. Ifunge kichwani, mwambie mtu ainame, soma pembe. Kwa kuinama mbele, kurudi nyuma na kulaza kichwa upande, haina mpinzani kwa urahisi. Sasa mwambie mtu huyohuyo, akiwa amekaa wima, ageuke kulia. Kifaa hakitasema lolote. Kichwa kimezunguka kwenye mhimili uliosimama wima, na kwa mvutano wa dunia hakuna kilichobadilika, chini bado ni chini ileile. Kifaa hakijaharibika, kimeulizwa swali ambalo hakiwezi kulisikia.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumlaza mtu chali. Akilala, mhimili wa mgeuko unakuwa mlalo, na inklinometa iliyo kwenye paji la uso inaona kila kitu. Lakini mtu aliyelala ana kichwa kilichotuliza uzito wake, misuli haifanyi kazi ileile na kifua kimebanwa na kitanda, kwa hiyo namba yake usiiweke kapu moja na ya aliyekaa.

Ya pili ni dira. CROM imejengwa kwa hekima hiyo: fremu kama ya miwani inayofungwa kichwani, yenye inklinometa mbili za mvutano wa dunia, moja pembeni kwa kuinama na kurudi nyuma na moja mbele kwa kulaza upande, na juu kuna dira kwa ajili ya mgeuko. Begani mtu anavalishwa nira yenye sumaku, na dira inaifuata sumaku hiyo iliyo karibu. Faida yake ni kwamba mtu akidanganya kwa kuzungusha mabega, sumaku inazunguka pamoja naye na udanganyifu unapunguzwa. Hasara yake ni ile ya dira zote: kitanda cha chuma, meza ya chuma, redio iliyo jirani, vyote vina sauti katika jibu. Kabla ya kuanza, zungusha kiti kitupu chenye kifaa ndani ya chumba uone sindano inavyotenda. Ni dakika moja tu, na wengi hawaifanyi.

Ya tatu ni jairoskopu, kihisi kinachopima kasi ya kuzunguka. Kimo ndani ya simu nyingi na ndani ya vihisi vidogo vinavyobandikwa kwa mkanda. Hakihitaji dira wala mvutano wa dunia kuuona mgeuko. Shida ni kwamba hakipimi pembe; kinapima kasi, na pembe inapatikana kwa kujumlisha kasi hiyo hatua kwa hatua. Kila hatua ina kosa dogo, na makosa nayo yanajumlishwa. Acha simu mezani bila kuigusa na baadhi ya programu zitakuonyesha pembe ikitambaa yenyewe. Kwa mgeuko wa sekunde tatu nne kosa hilo si kubwa. Kwa kipimo cha dakika kumi mfululizo bila kurudisha sifuri, ni hadithi nyingine. Programu nzuri huchanganya jairoskopu, dira na kihisi cha mvutano ili kila kimoja kimrekebishe mwenzake.

Juu ya hivyo kuna mitambo ya maabara: kamera kadhaa zinazofuatilia vishanga vinavyorudisha mwanga, mifumo ya sumaku-umeme, vipaza mawimbi ya sauti, na fremu zenye mikono ya chuma inayojikunja. Hii inaona mielekeo yote mitatu kwa wakati mmoja, pamoja na kasi na njia ambayo kichwa kilipita. Watu huiita kipimo cha dhahabu. Mimi naiheshimu bila kuisujudia. Kishanga kilichobandikwa kwenye kofia kinafuata kofia. Aliyesuka rasta, aliyevaa wigi, kilemba au hijabu, anaweza kuwa na kofia inayoteleza juu ya nywele au kitambaa nyuzi kadhaa kabla haijakamata. Kwa mitambo ya mamilioni, kosa hilo linarekodiwa kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya nyuzi. Afadhali kumwomba mtu kwa heshima, mbele ya mpimaji wa jinsia yake na mlango ukiwa umefungwa, mkanda ukae kwenye paji la uso na mfupa wa nyuma ya kichwa. Kama haiwezekani, liandikwe hivyo.

Kifaa kikishachaguliwa, bado mambo hayajatulia. Jaribu hili: kunja mgongo kama mtu aliyezama kwenye simu, kidevu mbele, kisha geuka kulia. Rudi, kaa wima, geuka tena. Karibu kila mtu anafika mbali zaidi akiwa wima. Ukimpima mtu Jumatatu kwenye benchi lisilo na egemeo na Alhamisi kwenye kiti chenye mgongo mgumu, unaweza kumpongeza kwa nafuu iliyoletwa na seremala. Ndiyo sababu wapimaji makini hutumia kiti kilekile, miguu yote miwili sakafuni, mgongo umeegemea, na mkanda kifuani ikiwezekana. Pingili za juu za kifua hupenda kuisaidia shingo kimyakimya, hasa kwenye mgeuko. Njia moja ya kuzikamata ni kuweka inklinometa ya pili chini ya shingo, juu ya pingili ya kwanza ya kifua, na kutoa pembe yake kwenye ile ya kichwa.

Halafu, nani anasogeza kichwa? Mtu akijigeuza mwenyewe unapata kipimo kimoja. Mpimaji akimsukuma taratibu mpaka mwisho unapata kingine, na kwa kawaida hicho cha pili ni kikubwa. Watu wa Youdas walijigeuza wenyewe. Pia mizunguko ya kwanza huwa midogo kidogo, mwili ukijaribu maji kwa kidole, kwa hiyo watafiti huwapa watu majaribio ya kupasha kabla ya kuandika chochote. Anayeandika jaribio la kwanza leo na la tatu wiki ijayo atakuta maendeleo ambayo hayakuwepo.

Suala la sifuri ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Tunasema nyuzi 55 za kuinama na 65 za kurudi nyuma, lakini kutoka wapi? Kutoka "kati". Kati ni wapi, kwa mtu ambaye kidevu chake hukaa mbele kiasi bila yeye kujua? Siku nyingine akianza na kichwa kimeinuka nyuzi tano zaidi, atapata 60 na 60. Jumla ni 120 mara zote mbili. Kwa sababu hiyo jumla ya mwendo mzima, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hurudika vizuri kuliko nusu zake, na mimi naona ripoti yoyote inayoacha jumla hiyo inajinyima taarifa yake bora.

Sasa tuseme yote yamefanywa vizuri. Mtu alipimwa 68 mwezi uliopita, leo 73. Amepata nyuzi tano? Hapa tunaingia kwenye hesabu, na haitishi. Kila kifaa na kila mpimaji ana kosa lake la kawaida, linalopatikana kwa kuwapima watu walewale mara kadhaa bila lolote kubadilika mwilini mwao. Tuchukue kosa la nyuzi 3, ambalo kwa shingo si baya. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba tofauti kati ya vipimo viwili ni ya kweli, unazidisha kosa hilo kwa 1.96, kisha kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takribani 1.41. Jibu ni kama nyuzi 8. Kwa hiyo zile tano zinaweza kuwa kelele tupu. Mgonjwa aliyefurahi hajakosea kufurahi, anaweza kuwa anajisikia vizuri kweli, ila kipimo hicho hakiwezi kuwa shahidi wake.

Ripoti nyingi badala ya kusema kosa ni nyuzi ngapi hutaja kipeo cha uthabiti kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, na 0.90 inaonekana ya kupendeza. Tahadhari. Kipeo hicho kinalinganisha kosa la kipimo na tofauti zilizopo kati ya watu. Ukichanganya vijana wa miaka 20 na wazee wa miaka 80, watu wanatofautiana sana na kipeo kinapanda. Ukichukua wanafunzi wa chuo peke yao, wote wenye shingo laini, kipeo kinashuka ingawa kosa la nyuzi ni lilelile na kifaa ni kilekile. Kwa watu wenye afya wa rika moja, basi, kipeo kidogo hakimaanishi kifaa kibovu, na kikubwa kinaweza kuwa kimepambwa na umri wa wapimwaji. Vilevile vifaa viwili vinaweza kwenda sambamba kabisa, kimoja kikitoa nyuzi kumi zaidi kila mara. Kupanda na kushuka pamoja si kukubaliana, jambo ambalo wanatakwimu Bland na Altman walilieleza mwaka 1986 kwa mchoro rahisi wa tofauti dhidi ya wastani ambao hadi leo unatumika kila mahali.

Umri una sura yake. Katika vipimo vya Youdas vya mwaka 1992, kila miaka kumi iliondoka na nyuzi kama tano za kurudisha kichwa nyuma na kama tatu za kila mwendo mwingine. Wanawake walikuwa na mwendo mkubwa kidogo kuliko wanaume wa umri wao, isipokuwa kuinama mbele. Kwa hiyo namba moja ya "kawaida" kwa binti wa miaka 22 na babu wa miaka 75 ni dhuluma kwa mmoja wao.

Lakini kuna ubaguzi mzuri. Mwaka huohuo Dvorak na wenzake walichapisha vipimo vya watu 150 wasio na dalili, wakiwemo waliogeuzwa kichwa kidevu kikiwa kimeshushwa hadi kifuani. Mkao huo unazibana pingili za chini zisishiriki sana, na mgeuko unaobaki unatoka zaidi kwenye ile jozi ya juu yenye kijiti. Mwendo huo haukupungua na umri kama mwingine. Mzee anayetoa salamu mwisho wa swala, kulia kisha kushoto, anaitegemea sana jozi hiyo wakati pingili za chini zimeshaanza kukaza. Kipimo hichohicho, mtu akiwa amelala chali na kichwa kimeinamishwa kikamilifu mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia, sasa ni cha kila siku kliniki kwa wenye maumivu ya kichwa yanayoanzia shingoni. Kwa mtu mzima asiye na tatizo hufika nyuzi 40 na ushee kila upande.

Anayetaka kujipima nyumbani kwa simu anaweza, mradi aheshimu haya. Kuinama, kurudi nyuma na kulaza upande: akae kwenye kiti chenye egemeo, mtu mwingine aishike simu ikiwa imelazwa imara pembeni ya kichwa au kwenye paji la uso kulingana na mwendo, programu ya inklinometa iwekwe sifuri, jaribio la kupasha mara mbili tatu, kisha mara tatu za kuandika na kuchukua wastani. Mgeuko: alale chali, simu kwenye paji la uso. Aandike kiti, saa, aliyeshika simu na jumla ya pande mbili, na asishangilie wala kuogopa tofauti iliyo chini ya nyuzi nane au kumi.

Aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, aliyegongwa, anayehisi ganzi au udhaifu mikononi, au anayepata kizunguzungu na kuona mawili akigeuza kichwa, asijipime. Shingo hiyo iachwe ilivyo mpaka daktari aione.